Kuchanua, Kupukutika na Kupukutishwa: Msamiati wa Maua ya Sakura katika Fasihi ya Kijapani

Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayowajulisha wasomaji wa nje fasihi ya Kijapani, sakura, yaani ua la mti wa mcheri, limefanywa kuwa nembo ya jambo moja tu: kwamba Wajapani huupenda uzuri kwa sababu haudumu, na kwamba hulithamini ua zaidi linapoanguka kuliko linapochanua. Dai hili limerudiwa mara nyingi mno hata likachukuliwa kama ukweli usiohitaji ushahidi. Mwanafunzi wa fasihi linganishi hukutana nalo katika utangulizi wa diwani zilizofasiriwa, akalipokea, kisha akalitumia kama ufunguo wa kila shairi linalotaja ua.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza dai hilo kwa kuyarejelea maneno yenyewe yanayotumika katika Kijapani kuusimulia uzuri wa maua ya majira ya machipuko. Hoja zinazojengwa ni tatu. Kwanza, sehemu kubwa ya msamiati huu haitaji sifa za ua bali hutaja hatua za wakati. Pili, watunzi wa kale walipotaja kupukutika kwa ua walikuwa wakilalamika, na aghalabu walimtaja aliyelipukutisha. Tatu, katika karne ya 20 mtenda huyo aliondolewa katika sentensi, na kwa kuondolewa huko kitenzi cha maombolezo kikageuzwa kuwa kitenzi cha amri. Suala hili linamhusu mhakiki na mfasiri kwa kiasi kikubwa, kwani anayelikubali dai lililotajwa hapo juu bila kulipima hujikuta akisoma ushairi wa miaka elfu moja kwa miwani iliyotengenezwa na watawala wa wakati wa vita.

Kutoka Ume hadi Sakura

Ni muhimu kutaja mapema kuwa sakura haikuwa ua kuu tangu awali. Katika Man'yoshu, diwani kongwe ya ushairi wa Kijapani iliyokusanywa katika karne ya 8 na yenye mashairi yapatayo 4,500, ua la ume linatajwa katika mashairi yanayokaribia 120, ilhali sakura inatajwa katika takriban 40 tu. Ume ni mti wa jamii ya plamu ulioletwa kutoka Uchina, na kuusifu kulikuwa ishara ya usomi. Mnamo mwaka 730, Otomo no Tabito aliwaalika maofisa wenzake nyumbani kwake Dazaifu, kusini mwa nchi, wakatunga mashairi 32 kuhusu ume. Dibaji ya mashairi hayo ndiyo iliyotoa jina la enzi ya Reiwa, iliyoanza mwezi Mei mwaka 2019.

Kufikia mwaka 905, Kaizari Daigo alipoagiza kutayarishwa kwa Kokinshu, mizani ilikuwa imegeuka. Neno hana, ambalo maana yake ya kawaida ni ua lolote, lilianza kutumiwa na washairi kumaanisha sakura pasipo haja ya kulitaja jina hilo. Badiliko hili lina uzito wa kihakiki. Nomino ya jumla inapotwaliwa na spishi moja, msomaji hulazimika kujua zaidi ya kamusi: hulazimika kuijua desturi. Baadaye, katika ushairi wa mkufu unaotungwa na watu kadhaa kwa zamu, desturi hiyo ilifanywa sheria. Katika mkufu wa beti 36, nafasi ya 17 na ya 35 zilitengewa hana, na mtunzi aliyeandika sakura mahali hapo alihesabiwa kuwa hajalitaja ua. Sakura ulikuwa mti unaoonekana. Hana lilikuwa ua lililokwisha kupita katika mawazo ya watunzi wengi.

Kwa hivyo, anayezungumzia uzuri wa sakura kana kwamba ni jambo la maumbile ya Kijapani lisilo na historia huanza kwa kosa. Ua hili liliteuliwa, na liliteuliwa na watu waliokuwa wakitunga ushairi kwa amri ya kasri. Nukta hii itahitajika tena mbele.

Maneno ya Wakati

Mtu anayetarajia kuwa lugha iliyolisifu ua moja kwa zaidi ya miaka elfu itakuwa na hazina ya vivumishi vya rangi, umbo na harufu, atashangaa. Vivumishi vipo, lakini si vingi wala havina upekee. Utajiri umo kwingine: katika nomino ambatani zinazobainisha ni lini ua linatazamwa na kuna hali gani ya hewa.

Hanagumori ni wingu jepesi linalotanda angani wakati wa maua. Hanabie ni baridi inayorejea ghafla baada ya watu kudhani kuwa kipupwe kimekwisha. Yozakura ni sakura inayotazamwa usiku. Hanafubuki ni petali zinazopeperushwa kwa wingi hata zikafanana na tufani ya theluji. Hanaikada ni petali zilizokwisha kuanguka majini, zikaungana na kuelea kama chelezo. Hazakura ni mti ambao majani yake yameanza kutokeza na kuchukua nafasi ya maua. Maneno mengi ya aina hii huorodheshwa katika vitabu vya majira vinavyotumiwa na watunzi wa haiku, na kila neno huwekwa katika sehemu yake ya msimu.

Ukiyachunguza maneno haya kwa makini, utaona kuwa hakuna hata moja linalosema kuwa ua ni zuri. Hanagumori na hanabie hayalielezi ua kamwe; yanaeleza anga na ngozi ya mtazamaji. Hanaikada haitaji ua lililo mtini bali kilichosalia cha ua. Hazakura hutaja mti ambao mtalii asiyejua angeupita bila kuutazama. Sifa haisemwi; hudokezwa kwa uangalifu wa kugawa wiki mbili za mwaka katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kikapewa jina. Anayekipa kitu majina mengi kiasi hicho hana haja ya kukiita kizuri.

Mpangilio wa Kokinshu wenyewe unaafikiana na tabia hii ya msamiati. Vitabu viwili vya kwanza vya diwani hiyo vina mashairi 134 ya majira ya machipuko, nayo hayakupangwa kwa majina ya watunzi wala kwa miaka ya utunzi. Yamepangwa kwa kufuata mwendo wa msimu: theluji inayosalia, ume, sakura inayongojewa, sakura iliyochanua, kisha sakura inayoondoka. Kitabu cha pili kinafunguliwa na shairi ambalo kitenzi chake kikuu ni utsurou, kubadilika. Kitenzi hiki hutumika kwa rangi inayopauka, kwa mtu anayehama, na kwa moyo wa mpenzi unaogeukia kwingine. Hivyo msomaji huingia katika nusu ya pili ya msimu akiwa amekwisha kuonywa kuwa kinachobadilika si petali peke yake.

Ono no Komachi, mshairi wa kike wa karne ya 9, aliitumia nafasi hii kwa ustadi mkubwa katika shairi lake mashuhuri lililomo katika kitabu hicho. Neno iro katika shairi hilo ni rangi ya ua na pia mvuto wa mapenzi. Furu ni kunyesha kwa mvua na pia kuzeeka. Nagame ni mvua ndefu na pia kutazama kwa mawazo mengi. Mwanamke anatazama mvua ikilichakaza ua, na kwa maneno yaleyale anautazama ujana wake ukipita. Shairi hili halifurahii kupita huko. Msomaji anayedai kuwa Komachi anaushangilia ufupi wa uzuri itambidi aonyeshe neno linaloshangilia, na neno hilo halimo.

Chiru na Chirasu

Kitenzi kinachobeba uzito mkubwa zaidi katika mada hii ni chiru. Kwa ufafanuzi wa kawaida, chiru ni kuanguka na kutawanyika kwa vitu vidogo vilivyokuwa pamoja: petali, majani, umati wa watu. Ni kitenzi kisichohitaji yambwa, wala hakimtaji anayesababisha tendo. Mwenza wake ni chirasu, kitenzi elekezi, yaani kufanya kitu kianguke na kutawanyika. Kiswahili kina jozi inayokaribiana sana na hii: kupukutika na kupukutisha. Majani hupukutika, upepo huyapukutisha. Katika sentensi ya kwanza hakuna mtenda. Katika ya pili yupo, na anaweza kulaumiwa.

Watunzi wa Kokinshu waliifahamu tofauti hii na wakaitumia. Mtawa Sosei ana shairi katika kitabu cha pili ambamo upepo unatajwa kwa kitenzi chirasu: ndio upepo unaoyapukutisha maua. Mnenaji anauliza ni nani aijuaye nyumba ambamo upepo huo hulala, naye anaomba aelekezwe ili aende akautolee lawama zake. Shairi lina ucheshi, kwani kila mtu anajua kuwa upepo hauna nyumba. Hata hivyo ucheshi huo umejengwa juu ya msingi wa kisarufi ulio thabiti. Kama ua limepukutishwa, basi yuko aliyelipukutisha. Na kama yuko, basi ana mahali anapokaa. Na kama ana mahali, basi anaweza kuendewa na kuulizwa.

Ariwara no Narihira naye, katika shairi lingine la diwani hiyohiyo, anadai kuwa kama sakura zisingekuwapo duniani, moyo wa mtu ungekuwa mtulivu wakati wa machipuko. Dai hili limechukuliwa na wengine kama sifa iliyovikwa vazi la lalamiko. Yamkini ndivyo. Lakini hata likichukuliwa hivyo, linachokiri ni wasiwasi: mtu anayelipenda ua hawezi kutulia kwa kuwa anaogopa upepo na mvua. Ni vigumu kumsawiri Narihira kama mtu anayetamani ua lianguke.

Pamoja na hayo, kuna ushahidi unaoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu, nao haufai kufichwa. Saigyo, aliyeishi kati ya 1118 na 1190, alitunga shairi la kutamani kufa chini ya maua, wakati wa mwezi mpevu wa mwezi wa pili kwa kalenda ya zamani. Alifariki siku ya 16 ya mwezi huo mwaka 1190, jambo lililowashangaza wengi wa wakati wake. Je, hapa kifo na ua havijaunganishwa? Vimeunganishwa, lakini kwa namna maalumu. Saigyo hataki kufa kama ua. Anataka kufa chini ya ua lililochanua, akiwa analitazama. Isitoshe, alikuwa askari mlinzi wa kasri ambaye mwaka 1140, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliziacha silaha na kuingia utawani. Kifo anachokiomba ni chake mwenyewe, hakuagizwa na mtu. Mtu atakayelitumia shairi hili kuwahimiza vijana waende vitani atakuwa amelipindua.

Mjadala wa Kenko na Norinaga

Kama kuna mwandishi wa zamani anayeweza kutajwa kuwa mzazi wa dai kwamba kuanguka ni bora kuliko kuchanua, ni Yoshida Kenko. Katika sehemu ya 137 ya Tsurezuregusa, kitabu cha insha fupi kilichoandikwa mnamo 1330 hivi, Kenko anauliza kama ni lazima maua yatazamwe yakiwa yamechanua kikamilifu tu, na mwezi ukiwa hauna wingu tu. Kwa maoni yake, matawi yenye matumba yaliyo karibu kupasuka na bustani iliyotapakaa petali zilizoanguka vina mengi zaidi ya kutazamwa. Insha hii imeathiri mno namna uzuri wa Kijapani unavyoelezwa.

Jambo ambalo hutajwa kwa nadra nje ya Japani ni kwamba hoja ya Kenko ilipingwa, na aliyeipinga si mtu mdogo. Motoori Norinaga (1730–1801), mwanazuoni aliyeifanya dhana ya mono no aware kuwa msingi wa nadharia ya fasihi ya Kijapani, alimkosoa Kenko katika mkusanyiko wa insha uitwao Tamakatsuma. Aliwarejelea washairi wa kale: wao walitaka maua yachanue na yadumu, wakausikitikia upepo. Wakaandika mashairi mengi ya huzuni kuhusu kuanguka kwa ua kwa sababu hiyohiyo, yaani kwa kuwa waliyoyatamani hayakuwa. Kudai kuwa ua linaloanguka linapendeza kuliko linalochanua ni kwenda kinyume na moyo wa binadamu, na ni ustaarabu wa kubuni.

Hoja hii inaoana na maelezo ya Norinaga kuhusu neno aware lenyewe. Kwa mujibu wake, aware si jina la falsafa bali asili yake ni mguno, sauti inayomtoka mtu moyo wake unapoguswa na kitu. Kuijua aware ni kuguswa na kinachostahili kugusa, kwa kadiri kinavyostahili. Kwa kuwa ni mguno, hauwezi kutolewa kwa kuamrishwa. Mtu huguna kwa kuwa ameumia au amefurahi. Anayeguna kwa kuwa ameambiwa aguna kwa uongo. Ni kejeli ya historia kwamba mwanazuoni aliyelitetea jambo hili kwa nguvu kiasi hicho ndiye ambaye shairi lake lilitumiwa kwa namna itakayoelezwa hapa chini.

Niou Lilivyosomwa kama Chiru

Mwaka 1790, akiwa na umri wa miaka 61 kwa hesabu ya Kijapani, Norinaga alijichora picha na kuandika shairi pembeni yake. Katika shairi hilo anajibu swali la mtu anayetaka kujua moyo wa Yamato, yaani wa Japani ya asili, ukoje. Jibu lake ni taswira: maua ya mcheri wa mlimani katika jua la asubuhi. Kitenzi alichokitumia kwa maua hayo ni niou.

Niou ni kitenzi kinachohitaji maelezo. Katika Kijapani cha leo humaanisha kutoa harufu. Katika lugha ya kale kilihusu zaidi rangi, hasa rangi nyekundu inayojitokeza na kung'aa. Kiswahili kingelazimika kutumia vitenzi viwili, kunawiri na kunukia, ili kukaribia maana yake. Hicho ndicho kitenzi kilichoko shairini: ua limo juani, linanawiri. Katika shairi zima, petali hazianguki. Neno chiru halimo, wala upepo haumo, wala kifo hakimo.

Hata hivyo, katika karne ya 20 shairi hili lilisomwa kana kwamba kitenzi chake ni chiru. Hatua za badiliko hilo zinaweza kufuatwa. Katika kitabu chake kuhusu maadili ya askari wa zamani, Bushido, kilichoandikwa kwa Kiingereza na kutolewa mwaka 1900, Nitobe Inazo alilirejelea shairi la Norinaga, na papo hapo akaandika kuwa sakura huwa tayari kuuaga uhai inapoitwa na maumbile. Nitobe hakuwa mchochezi wa vita, lakini kwa kuziweka kauli hizo mbili pamoja alilitia shairi jambo ambalo halimo. Mwaka 1904 serikali, iliyokuwa na ukiritimba wa tumbaku, ilitoa aina nne za sigara zilizopewa majina ya maneno yaliyotolewa katika shairi hilohilo: Shikishima, Yamato, Asahi na Yamazakura. Shairi lilikuwa limekatwa vipande, na kila kipande kikawa nembo.

Mwezi Oktoba mwaka 1944, nchini Ufilipino, vikosi vinne vya kwanza vya marubani waliotumwa kuzigonga manowari za adui kwa ndege zao vilipewa majina manne yaleyale, kwa mpangilio uleule: Shikishima, Yamato, Asahi, Yamazakura. Mwaka uliofuata ilitumika ndege ya roketi isiyo na njia ya kurudi, iliyoitwa Oka, yaani ua la sakura. Kifo cha askari kiliitwa chiru. Kiliitwa pia sange, neno la Kibudha ambalo asili yake ni kutawanya maua kama sadaka mbele ya Buddha.

Hapa ndipo umuhimu wa sarufi unapodhihirika. Sentensi isemayo kuwa kijana amepukutika haimhitaji mtenda. Haisemi ni nani aliyemwandikisha jeshini, ni nani aliyetia saini, wala ni nani aliyeamua kuwa ndege isirejee. Ua hupukutika lenyewe, wakati wake ukifika. Washairi wa Kokinshu walikuwa na chirasu, na kwa chirasu walikuwa na upepo wa kulaumiwa. Msamiati wa vita ulikiacha kitenzi hicho kando, ukashika kile kisicho na mtenda. Haukubuni neno jipya lolote. Ulichagua tu neno moja kati ya mawili.

Emiko Ohnuki-Tierney, katika utafiti wake aliouchapisha mwaka 2002 kuhusu sakura na marubani hao, alizichunguza shajara za wanafunzi wa vyuo vikuu walioingizwa jeshini. Anaonyesha kuwa nguvu ya alama hii ilitokana na wingi wa maana zake: dola na askari walilitaja ua lilelile wakiwa na maana tofauti, na tofauti hiyo haikuonekana kwa wepesi. Maelezo haya yana mashiko. Makala haya yanaongeza tu kuwa tofauti hiyo ilikuwa na mahali pake mahususi katika lugha, napo ni mpaka ulioko kati ya chiru na chirasu, na kati ya chiru na niou.

Ua Lililosanifiwa

Kuna jambo moja zaidi linalopaswa kuzingatiwa. Sakura iliyoimbwa na watunzi wa kale ilikuwa hasa yamazakura, mcheri wa mlimani, ambao hutoa majani machanga pamoja na maua, na ambao miti yake hutofautiana mmoja na mwingine. Sakura inayotawala miji ya Japani leo ni somei-yoshino, aina iliyosambazwa kutoka kijiji cha Somei kilichokuwa katika jiji la Edo na ikapewa jina hilo mwaka 1900. Miti yake huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo, hivyo yote ni kana kwamba ni mti mmoja. Huchanua kabla ya majani kutokeza, na iliyo katika eneo moja huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Taswira ya maua yote yanayoanguka kwa siku chache kama kikosi kimoja ni taswira ya mti huu. Msomaji anayeitia taswira hiyo katika shairi la Sosei au la Saigyo anawapa mti ambao hawakuwahi kuuona.

Waandishi wengine walihisi kuwa ukamilifu wa namna hiyo una jambo la kutisha. Mwaka 1928 Kajii Motojiro alichapisha andiko fupi ambamo mnenaji anasadiki kuwa chini ya miti ya sakura kumezikwa maiti, kwa kuwa hawezi kuuelewa uzuri huo kwa njia nyingine. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, Sakaguchi Ango alitoa hadithi ya jambazi anayeuogopa msitu wa sakura uliochanua kikamilifu. Ango haanguki katika mtego wa huzuni tamu. Anaanza kwa kukanusha kuwa watu wa zamani waliona raha chini ya maua hayo. Kwa wasomaji waliokuwa wameambiwa kwa miaka kadhaa kuwa ni heri kuanguka kama ua, hofu hiyo ilikuwa aina ya ukweli.

Hata takwimu za hali ya hewa hazijaepukana na historia hii. Kuchanua kwa sakura jijini Tokyo hutangazwa na idara ya hali ya hewa pindi maua matano au sita yanapofunguka katika mti maalumu, na kuchanua kikamilifu, mankai, hutangazwa matumba yapatayo asilimia 80 yanapokuwa yamepasuka. Mti huo wa kipimo umo katika uwanja wa Yasukuni, hekalu wanakoenziwa waliokufa vitani kwa niaba ya dola. Neno la kawaida kabisa la msimu, kwa hivyo, husomwa kutoka tawi lililoota mahali ambapo neno lingine, sange, bado lina maana yake ya mwaka 1944.

Suala la Tafsiri

Mfasiri wa Kiswahili anayekabili msamiati huu ana bahati ambayo si kila mfasiri anayo. Kiswahili hutofautisha kwa viambishi kile ambacho lugha nyingine hulazimika kukieleza kwa maneno mengi. Pukutika na pukutisha vinaitunza tofauti ya chiru na chirasu bila taabu. Nukia na nuka vinatenganisha harufu nzuri na mbaya, jambo ambalo maandishi ya Kijapani ya sasa hulifanya kwa kubadilisha herufi ya niou. Tena, kama ilivyo chiru, pukutika hutumiwa pia kwa watu wanaokufa kwa wingi, na kila mzungumzaji anajua kuwa neno hilo, likisemwa kuhusu watu, si la sifa.

Bahati hiyo hupotea mfasiri anapotafuta neno la fahari pale ambapo matini ina neno la kawaida. Tafsiri inayosema kuwa petali zinajitoa mhanga, au zinaanguka kishujaa, au zinakubali mauti kwa utulivu, haijalipamba shairi; imelichukulia shairi la karne ya 9 maana ya karne ya 20. Inafaa chiru ibaki kupukutika, bila kielezi. Inafaa chirasu ibaki kupukutisha, na upepo uachwe katika nafasi yake ya kiima. Panapotajwa hanaikada, inatosha kusema kuwa petali zilizoanguka mtoni zinaelea kama chelezo, na msomaji aachiwe hisia yake mwenyewe.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa msamiati wa Kijapani wa maua ya machipuko ni msamiati wa wakati zaidi kuliko wa sifa, na kuwa kuanguka kwa ua hakukuwa jambo la kushangiliwa katika ushairi uliousimika msamiati huo. Wapo waliolitetea ua linaloanguka, na Kenko ni mmoja wao; lakini walijibiwa na Wajapani wenzao kwa hoja zilizotokana na mashairi yenyewe. Kulichukua dai la upande mmoja na kuliita hulka ya taifa zima ni kuunyima utamaduni huo haki ya kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Aidha, imeonekana kuwa shairi linaweza kugeuzwa bila kubadilishwa neno hata moja, ilmradi wasomaji wafundishwe kusikia kitenzi ambacho hakimo. Kazi ya mhakiki katika hali kama hiyo ni ndogo lakini haiepukiki: kurudi kwenye matini na kuuliza ni kitenzi gani kilichotumika, na je, kina mtenda? Sosei aliuliza upepo unakaa wapi ili aende akaulaumu. Swali hilo, lililoulizwa kwa mzaha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ndilo ambalo vijana wa mwaka 1944 hawakuruhusiwa kuliuliza.